Kesi ilifutwa, lakini kwenye SF-86 iandike

Vijana wetu walioko Marekani wakishapata uraia na kuomba kazi inayodai kibali cha usalama, jeshini au kwenye kampuni za ulinzi, hunipigia simu wakifika kwenye SF-86, fomu ya serikali ya Marekani inayouliza historia yako kabla ya kupewa kibali hicho, kwa kuwa mimi nilishaipitia. Swali halibadiliki: "Braza, ile kesi ilifutwa, niiandike?"

Iandike. Fomu yenyewe inataka utaje hata kesi iliyofutwa au rekodi iliyofungwa na mahakama, isipokuwa baadhi ya kesi za dawa za kulevya za shirikisho, yaani za serikali kuu ya Marekani. Kibali huamuliwa kwa miongozo yenye herufi, na Mwongozo J, unaohusu makosa ya jinai, hausubiri hukumu. Ushahidi kwamba ulitenda unatosha kukuhoji, hata kama hukushtakiwa. Lakini kosa la zamani lina utetezi: muda umepita, hukurudia, ulimaliza adhabu, kazini unaaminika.

Uongo ndio mgumu kuutetea. Huo uko chini ya Mwongozo E, mwenendo binafsi. Kijana mmoja alikamatwa kwa ngumi za chuoni, mashtaka yakaondolewa, akajaza "hapana". Alama za vidole zikasema "ndiyo". Tangu hapo hakuna aliyemuuliza tena habari za ngumi; aliulizwa kwa nini alificha. Na kudanganya kwa makusudi kwenye fomu hiyo ni kosa la shirikisho, kifungo hadi miaka 5.

Kama umeshaituma na kuna ulichokiacha, mtafute afisa usalama wako leo. Kanuni zinampa nafuu anayejisahihisha mwenyewe kabla hajabanwa. Ukingoja mpelelezi akuwekee karatasi mezani, umechelewa.

Bangi nayo inaponza wengi. Jimbo lako limeiruhusu, sawa, ila sheria ya shirikisho ndiyo inayotumika, na swali la fomu kuhusu dawa za kulevya linarudi nyuma miaka 7.

Halafu yale makaratasi ya nyumbani: majina mawili, tarehe ya kuzaliwa ya shuleni na ya pasipoti. (Tunajuana.) Majina yote uliyowahi kutumia yanaulizwa, yaweke, na tofauti ya tarehe ieleze mwenyewe. Faini ya barabarani isiyofika dola 300, bila pombe wala dawa, achana nayo.

Ukiletewa barua ya sababu za kukunyima kibali, una haki ya kujibu. Tafuta wakili wa kesi hizi hasa, si yule aliyekushughulikia green card.