Zunguka nyuma kwanza: kwa wewe unayeanza kuchonga sanamu za watu

Kama ndio kwanza unaanza kuchonga mwili wa binadamu, kabla hujanunua patasi nyingine, tafuta siku ambayo wasanii wa mji wako hufungua karakana zao kwa watu wote. Nenda mapema, kabla vumbi halijafagiliwa. Na ukiikuta sanamu ya mtu, usisimame mbele yake. Zunguka nyuma kwanza.

Mimi nililijua hili nikiwa nimeshachonga mawe miaka 11.

Natoka Tabaka, Kisii, kwenye jiwe la sabuni. Huko mtoto hukua akichezea vipande vya jiwe kama wengine wanavyochezea udongo wa mvua. Jiwe linapotoka machimboni likiwa na unyevu, panga hulikata na kisu hulichora. Wanaume wengi huchonga, kina mama wengi hupiga msasa kwa maji na kung'arisha kwa nta. Nilianza na sahani, nikaenda kwa viboko, kisha twiga, kisha zile familia za mviringo, baba na mama na mtoto wameshikana bila sura. Oda huja kwa madazeni, na mkono huzoea: kiboko wa kwanza anakuchukua siku nzima, wa mia moja unamchonga ukiongea na jirani. Siidharau kazi hiyo, imenisomesha. Na hapo hapo Tabaka ndipo alipotoka Elkana Ong'esa, ambaye ndege wake wa mawe amesimama makao makuu ya UNESCO, Paris.

Lakini kuna jambo ambalo kazi ya oda ilinifunza bila mimi kujua. Sanamu ya dukani huwekwa kwenye rafu, mgongo ukutani. Mnunuzi anaiona mbele tu. Basi mchongaji naye hutia nguvu zake zote mbele: uso, kifua, mikono. Nyuma anasawazisha, anapiga msasa, anamaliza. Watu niliowachonga miaka yote hiyo walikuwa na migongo kama ya milango.

Siku niliyolijua hili nilikuwa Kisumu kupeleka mzigo. Rafiki aliniambia kuna karakana zimefunguliwa wikendi nzima, twende tukatazame. Tuliona michoro mizuri, tukaona mafundi wa vyuma vya taka, tukaona karatasi zilizotengenezwa kwa magugu maji ya ziwani. Mchana tukaingia kwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko la Kibuye. Mwenyewe alikuwa amepanga kazi zake zikitazama dirisha, kwa ajili ya mwanga, na mlango uko upande wa pili. Ndiyo maana nilichokiona kwanza ni migongo. Labda sanamu 15, za udongo uliochomwa, hakuna iliyozidi urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole.

Mmoja alinisimamisha. Mwanamke amebeba beseni kichwani, leso kiunoni, anaenda. Nilijua, nikiwa bado mlangoni, kwamba ni jioni, kwamba beseni halijaisha samaki, na kwamba goti lake la kulia linamsumbua. Vyote hivyo kwa mgongo na visigino. Nikazunguka kwenda kumwona uso, nikakuta karibu hakuna uso. Alama mbili za dole gumba mahali pa macho, basi.

Mwenye kazi alikuwa mama wa makamo. Alifundishwa kufinyanga vyungu na mama yake, kama ilivyo kwa wafinyanzi wengi wa Kijaluo, na akahamia kwenye watu baadaye. Nikamuuliza, "Mama, mbona uso hujaumalizia?"

Akasema, "Huo umekwisha, ndugu yangu. Wewe ukimwona mama yako mbali barabarani, uso hauonekani bado, unamjuaje?"

Nikasema, kwa mwendo.

"Basi."

Nilikaa kwake mpaka wakafunga. Hayo aliyonionyesha, pamoja na niliyoyafanyia kazi tangu wakati huo, ndiyo ninayokuandikia hapa.

La kwanza ni uzito. Yeye huanza na miguu, tena si umbo la miguu bali swali: uzito wa mtu huyu uko wapi? Mtu akisimama kwa miguu yote miwili sawasawa, mabega na nyonga huwa sambamba, na sanamu hutulia kama askari wa gwaride. Akiegemea mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda, ile ya upande wa pili hushuka, na bega la upande wenye uzito hushuka kulipiza. Uti wa mgongo hupinda katikati ili kupatanisha. Ukikosea hapo, hata ukichonga kila kucha na kila unywele, mtu wako ataonekana kama ametundikwa.

Kuna njia ya kupima, na fundi yeyote wa ujenzi anayo mfukoni: timazi. Funga uzi na kajiwe. Mwambie mtu asimame mbele yako akiegemea mguu mmoja, kisha uteremshe uzi kutoka kile kishimo kilicho chini ya koo. Utaangukia karibu na kifundo cha ndani cha mguu ule wenye uzito. Akigawanya uzito sawa, uzi unaanguka katikati ya miguu. Sasa mpe mtungi wa maji wa lita 20 kwa mkono wa kulia: kiwiliwili chote kitahamia kushoto, na mkono mtupu utaachana na mwili. Mpe beseni kichwani: shingo itanyooka, kidevu kitarudi ndani, na kuyumba kote kutashukia kiunoni. Mama huyo ana timazi imening'inia kwenye boriti juu ya meza yake. Nami siku hizi ninayo.

Fanya zoezi hili mwezi mzima kabla hujagusa jiwe kubwa. Jumapili nenda Kibuye, au asubuhi nenda ufukweni Dunga mitumbwi ikirudi. Kaa kwenye kibanda cha chai, usimkodolee mtu macho, na chora mistari mitatu tu kwa kila anayepita: mstari wa mabega, mstari wa nyonga, na ule wa timazi. Dakika moja kwa mtu. Usichore uso. Baada ya wiki mbili nilianza kumtambua mchukuzi aliyebeba gunia hata baada ya kulitua, kwa sababu mgongo wake ulikuwa bado unalibeba.

Wakubwa wa kazi hii waliliona zamani. Rodin wa Ufaransa alimtengeneza mtu anayetembea ambaye hana kichwa wala mikono, na bado anatembea. Karibu zaidi na sisi, ukifika Kampala katazame Mnara wa Uhuru wa mwaka 1962. Ulifanywa na Gregory Maloba, mzaliwa wa magharibi mwa Kenya aliyesoma na kufundisha Makerere. Sehemu ya chini ya mwili imeviringishwa kama iliyokuwa imefungwa, na juu mikono inamwinua mtoto angani. Hakuna msuli wa mguu unaouona pale. Lakini unajua nguvu ya kumwinua yule mtoto inatoka ardhini. Uzunguke ule mnara wote, usipige picha ya mbele ukaondoka.

La pili: omba kuonyeshwa zilizoharibika. Hii ndiyo faida ya kwenda karakana badala ya maonyesho. Kwenye maonyesho unaona zilizopona. Mama alikuwa na rafu nzima ya wagonjwa wake, kama alivyowaita: mikono iliyokatika, kifua kilichopasuka, mtu aliyelala chali kwa sababu vifundo vilikuwa vyembamba mno.

Nilimweleza kwamba mwaka mmoja nilijaribu udongo, nikafinyanga kichwa kikubwa, nikakichoma kwenye tanuri la kukodi, kikalipuka na kuvunja kazi za watu wengine wawili. Niliambiwa ni hewa iliyobaki ndani. Akatikisa kichwa. Hewa yenyewe haina kosa, mradi ina pa kutokea. Kinacholipua ni maji. Maji yanachemka kwa nyuzi 100, na mvuke ukikosa njia kwenye udongo mnene huitafuta kwa nguvu. Kwa hiyo yeye hufinyanga watu wake wakiwa watupu ndani kama chungu, ukuta wa unene wa kidole, na tundu dogo chini ya unyayo. Kiwiliwili kikimshinda, hukikata vipande viwili udongo ukiwa mgumu kama sabuni, akakikomba ndani kwa kijiko, akakiunga tena kwa uji wa udongo. Hatumii nondo wala waya ndani ya kazi ya kuchomwa. Udongo hunywea ukikauka, chuma hakinywei, na ufa hauna budi kutokea. Huchanganya vigae vya vyungu vilivyotwangwa na kuchekechwa ili udongo upumue na usinywee sana.

Kukausha ndiko kulikonishangaza. Wiki tatu, wakati mwingine nne, kwa sanamu ya dhiraa moja! Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, anafunika kwa shuka kuukuu lenye unyevu, kisha beseni juu yake, na kila siku anaachia nafasi zaidi kidogo. Kabla ya kuchoma anaiweka sanamu shavuni. Ikiwa ya baridi, bado ina maji. Nimeijaribu mara nyingi, haijanidanganya. Na moto wa mwanzo uwe wa polepole sana, masaa kadhaa chini ya nyuzi 100, kabla ya kuuongeza.

Wewe wa jiwe usidhani hayo hayakuhusu. Jiwe la sabuni halinywei, lakini nalo lina udhaifu wake: mkono ulioachana na mwili, shingo nyembamba, kifundo cha mguu. Udongo unaongeza na kupunguza. Jiwe linapunguza tu. Ukitaka shingo ya mbeba beseni kwenye jiwe, iteremshie leso kutoka kichwani hadi mabegani, ibebe uzito bila mtazamaji kujua. Na vaa barakoa unapokata na kupiga msasa mkavu, au piga msasa kwa maji kama mama zetu. Vumbi la jiwe likiingia kifuani halitoki.

Kuhusu adabu ya kutembelea, machache yanatosha: msalimu mwenye karakana kabla ya kugusa chochote, omba ruhusa ya kupiga picha, na usianze na "hii ni bei gani". Kama una uwezo, nunua kitu kidogo. Mimi nilinunua mguu mmoja uliokatika, kutoka kwa wale wagonjwa, na uko mbele yangu ninapoandika.

Sasa jambo gumu. Niliporudi nyumbani nilitaka kumchonga yule mwanamke wa beseni. Nilikuwa na jiwe zuri la rangi ya waridi na mkono wangu ulikuwa tayari. Kwetu hilo ni la kawaida: mtu akibuni umbo likauzika, baada ya miezi miwili liko kwenye kila kibanda kando ya barabara, na aliyelibuni hapati hata asante. Nimefanyiwa, na nimewafanyia wengine. Sheria ya hakimiliki ya Kenya inalinda sanamu kama inavyolinda wimbo, lakini si sheria iliyonizuia. Nilizuiwa na kwamba simjui yule mwanamke. Mama anamjua, amemtazama miaka mingi akipita. Mimi ningechukua mgongo wake bila jioni yake.

Kwa hiyo chukua swali la msanii uliyempenda, mwachie umbo lake. Ukiuliza uzito wa mtu uko wapi, uliza juu ya watu wako. Mimi niliuliza, na jibu lilikuwa hatua chache kutoka kwenye benchi langu: mama wa msasa. Anakaa chini, miguu ameinyoosha mbele, karai la maji pembeni, anasugua kiboko niliyemchonga mimi. Nimemwona hivyo tangu utotoni, na kila siku ananipa kazi zangu zikiwa zimeng'aa. Sijawahi kufikiri kwamba naye ni wa kuchongwa.

Kumchonga kulinichukua wiki 7. Timazi ya mtu aliyekaa inaanguka penye makalio, na ilibidi nijifunze upya. Siku ya karakana ilipofika tena nilimfunga kwenye blanketi, nikapanda naye matatu hadi Kisumu, nikamweka mezani kwa yule mama mfinyanzi. Hakumtazama usoni. Alimgeuza, akapitisha dole gumba kutoka shingoni taratibu hadi chini ya kiuno, akasimama hapo.

"Huyu bado anakaa kama mgeni," akasema. "Aliyesugua tangu asubuhi, hapa pamelegea."

Nikamfunga tena kwenye blanketi. Kesho yake, Tabaka, niliondoa unene kama wa nusu kidole kwenye kiuno, polepole, siku mbili nzima, huku mama wa msasa mwenyewe akiwa ameketi mbele yangu akifanya kazi yake.