Haraka Ndiyo Inayowamaliza Wanyama Waliookolewa

Mbwa aliyekonda hadi mbavu zinahesabika akifikishwa kituo cha kuokoa wanyama, kila mtu hukimbilia chakula. Bakuli linajazwa pomoni, analimaliza kabla hujageuka, na wote waliosimama pale wanashusha pumzi. Siku ya tatu mbwa yuleyule amelegea, miguu inatetemeka, moyo unakwenda mbio bila mpango. Chanzo ni lile bakuli. Mwili ulioshinda njaa wiki nyingi umeshatumia akiba yake ya fosforasi, potasiamu na magnesi. Chakula kingi kikiingia ghafla, insulini hupanda na kuyasukuma madini machache yaliyobaki kutoka kwenye damu kwenda ndani ya seli. Moyo na misuli ya kupumulia vinakosa kitu cha kuviendesha.

Kwa hiyo mlishe kwa hesabu. Chukua uzito wake kwa kilo, zidisha kwa 30, jumlisha 70: hizo ndizo kilokalori anazohitaji kwa siku akiwa amelala tu. Mbwa wa kilo 10 anahitaji 370. Siku ya kwanza mpe robo yake, kama 90 hivi, na uigawe mara sita, kila baada ya saa nne, usiku pia. Siku ya pili nusu, ya tatu robo tatu, ya nne kiasi kizima. Akitapika, akiharisha au akilegea, rudi kwenye kiasi cha siku iliyotangulia na umwite daktari wa mifugo. Aliyebaki mifupa mitupu mpandishie polepole zaidi, hata wiki nzima. Chakula kiwe na protini na mafuta zaidi kuliko wanga, kwa sababu wanga ndio unaoamsha insulini kwa nguvu. Ugali mtupu au wali mtupu, hata ukiwa kidogo, ni chaguo baya kwa mbwa wa namna hii.

Paka ana hatari yake ya upande wa pili. Akikaa siku mbili au tatu bila kula kabisa, hasa aliyekuwa mnene, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulifanya lishindwe kazi. Paka mgeni aliyejificha nyuma ya kabati mwache atulie, lakini chungulia bakuli lake. Zikifika saa 48 hajagusa kitu, huyo si mwoga tena, ni mgonjwa.

Turudi nyuma kidogo, barabarani, maana mambo mengi huharibikia huko kabla mnyama hajafika kituoni.

Mnyama aliyegongwa huuma hata mkono unaomsaidia. Mwendee kwa ubavu, ukiwa umejikunyata, usimkazie macho. Mfunike blanketi zito, kichwa kwanza. Kama ni mbwa na hana budi kufungwa mdomo, chukua bendeji au kitambaa kirefu, tengeneza kitanzi, kipitishe juu ya pua, pishanisha ncha chini ya taya, kisha funga nyuma ya masikio kwa fundo la kufungua haraka. Usimfunge anayetapika, anayehangaika kupumua, wala mwenye pua bapa, na usimwache amefungwa zaidi ya dakika chache: mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na ukimziba mdomo juani anachemka ndani kwa ndani. Ukihofia uti wa mgongo, mtelezeshe juu ya ubao ulionyooka. Usimnyanyue kwa kwapa.

Ukiumwa, hata kama ni mkwaruzo wa jino tu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa saa. Watu wengi huishia dakika mbili. Kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa au paka aliyekuuma, akiwa mzima, afungiwe na kuangaliwa siku 10. Lakini usizisubiri hizo siku 10 ndipo uende hospitali, kwa sababu dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza kwa binadamu karibu hakuna anayepona.

Na watoto wa paka waliolala peke yao kichakani? Hapo ndipo huruma huzaa yatima. Mama huenda kutafuta chakula. Simama mbali, angalia kwa saa kadhaa. Wakiwa wamejaa matumbo, wana joto na wamenyamaza, mama yupo. Wakilia bila kukoma, wamepoa na matumbo yamenyauka, wachukue. Ila mtoto wa paka aliyepoa usimpe maziwa kabla hajapata joto, kwani tumbo lililopoa halisagi kitu na maziwa hukaa humo yakichacha. Mpashe kwanza kwa chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kwenye taulo, polepole, hadi ndani ya mdomo wake ukigusa kwa kidole pawe na uvuguvugu. Ndipo umpe maziwa maalumu ya watoto wa paka, akiwa amelalia tumbo. Ya ng'ombe huwaharisha, na kuhara kwa kiumbe wa gramu 200 ni kifo.

Kuna haraka moja tu tunayoitetea kwa nguvu zote: chanjo. Mbwa na paka wachanjwe siku wanayoingia, si baada ya karantini kwisha. Hata aliyejeruhiwa, mara nyingi daktari humchanja hapohapo, kwa kuwa kituo chenye wanyama wengi ni mahali pa kuambukizana. Watoto wa mbwa kituoni huanza wakiwa na wiki 4 hadi 6, kisha hurudiwa kila wiki mbili hadi wafikishe angalau wiki 16. Zile za mwanzo zinaweza zisishike, kwa sababu kinga waliyonyonya kwa mama huizima chanjo, na hakuna ajuaye kinga hiyo itaisha siku gani. Anayechanja mara moja na kutulia ameacha mlango wazi. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa kuanzia wiki 12.

Baada ya hapo, karantini ya siku 14. Virusi vya parvo, vinavyowaharisha mbwa damu, huchukua siku 3 hadi 7 kuonyesha dalili, pengine hadi 14, na mbwa huanza kuvitoa kwenye kinyesi kabla hata hajaonekana mgonjwa. Mtoto wa mbwa anayerukaruka leo anaweza kuwa anaharisha damu keshokutwa. Ukimchanganya na wenzake kwa sababu "anaonekana mzima", utawapoteza wote.

Usafi una mpangilio wake: anza kwa watoto wenye afya, kisha wakubwa wenye afya, kisha karantini, na wagonjwa mwisho kabisa. Ukirudi nyuma kwenye mstari huo bila kubadili viatu na koti, umeubeba ugonjwa mwenyewe. Banda lisuguliwe kwanza kwa sabuni hadi uchafu wote utoke, lisuuzwe, ndipo utie klorini ya kufulia, sehemu moja kwa sehemu 30 za maji, na sakafu ibaki imelowa dakika 10. Klorini iliyomwagwa juu ya kinyesi haiui kitu, maana uchafu huila nguvu yote. Changanya mpya kila siku, kwani iliyolala haina makali. Sakafu ya udongo haisafishiki kwa njia hii, na parvo hukaa humo miezi mingi, kwa hiyo watoto wa mbwa wasiwekwe juu yake hata kama ndipo penye kivuli kizuri.

Sasa kumtafutia nyumba. Banda likijaa, kila kituo hushawishika kumpa mnyama yeyote anayekuja na uso wa upole. Tunaamini kituo kisichouliza maswali kinamrushia mnyama tatizo jingine. Uliza: nyumba ni yako au ya kupanga, na mwenye nyumba amekubali? Nani atamtoa asubuhi, na huyo mtu yupo hapa leo? Mbwa wako wa kwanza yuko wapi sasa? Swali hilo la mwisho hufichua zaidi ya mengine yote. Na mnyama asitoke kabla hajahasiwa au kufungwa uzazi. Ahadi ya "nitamleta baadaye" usiitegemee.

Anayemchukua mbwa aambiwe wazi kuhusu siku tatu, wiki tatu na miezi mitatu. Siku tatu za kwanza anaweza kujificha, kukataa kula, kukojoa ndani. Wiki tatu zikipita huanza kujua ratiba, na hapo tabia halisi hujitokeza, pamoja na zile mbaya ambazo woga ulikuwa umezifunika. Miezi mitatu ndipo anapoiona nyumba kuwa yake. Wengi hurudisha mbwa mwishoni mwa wiki ya kwanza, yaani wamerudisha hofu yake, yeye mwenyewe hawajamwona.

Mbwa wengi wanaopotea hupotea siku za mwanzo, na hupotelea mlangoni. Mvalishe mkanda wa kifua na wa shingo, kamba ishikwe kwenye vyote viwili, hata uani. Asioge siku ya kwanza. Wageni wasiitwe kuja kumwona. Kama nyumbani kuna mbwa mwingine, wakutane nje, mahali pasipo pa yeyote kati yao, kila mmoja na mtu wake, watembee sambamba kwa umbali hadi waache kukodoleana. Paka apewe chumba kimoja chenye maji, chakula na sanduku la mchanga lililo mbali na chakula. Nyumba nzima kwa mara moja humtisha.

Jambo moja dogo linaloua: dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini humtia paka degedege, hata akilala tu na mbwa aliyepakwa. Na paracetamol, kidonge kimoja, chatosha kumuua paka.

Punda amebaki, na tumemweka mwisho kwa sababu ana mengi.

Punda wa mkokoteni huletwa kwa kidonda cha mabegani, pale shingo inapokutana na mgongo. Dawa inapakwa, kidonda kinafunga, anarudi kazini, na baada ya wiki mbili yuko palepale, kidonda kimeshuka kina zaidi. Ni kwa sababu tumetibu ngozi na kuacha matandiko. Pitisha kiganja chako chini ya mkanda wakati punda amesimama na mkokoteni. Kiganja kikibanwa, au kikikuta mshono, fundo la kamba, waya, msumari, ndicho hicho anachobeba siku kutwa. Uti wa mgongo usiguswe na kitu chochote: mto uwe na sehemu mbili, moja kila upande, na mfereji wa hewa katikati. Kamba ya nailoni hukata, gunia la plastiki huchoma kwa joto na halinyonyi jasho. Tumia turubai la pamba lililotiwa blanketi kuukuu ndani, na ulifue. Mkanda wa kifua uwe mpana, karibu kiganja kizima, na ulale mahali pake hasa. Ukipanda juu hukaba koo, ukishuka hugonga kiungo cha bega kila hatua.

Kisha tazama mkokoteni. Ukishapakiwa, shika mikono yake uinue. Ikiwa mizito, uzito uko mbele na unamkandamiza punda mgongoni. Ikikuvuta juu, uzito uko nyuma na mkanda wa tumbo unamnyanyua. Sogeza mzigo hadi uweze kuishikilia kwa mkono mmoja bila taabu, uzito ukiwa juu ya ekseli. Tairi zijazwe upepo. Tairi moja iliyolegea humlazimisha kuvuta kwa upande. Anayebeba mgongoni asipite theluthi ya uzito wake.

Kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, kwa nusu lita. Oili chafu ya gari na majivu huua nyama inayojaribu kuota. Na aulizwe daktari kuhusu pepopunda, maana punda na farasi hupatwa nayo kirahisi kuliko wanyama wengi.

Punda huficha maumivu. Anayesimama kimya, masikio yamelala, hataki kula, usiseme amechoka tu. Mpime: joto la kawaida ni nyuzi 36.5 hadi 37.8, mapigo ya moyo 36 hadi 52 kwa dakika, pumzi 12 hadi 28. Usitegemee kubana ngozi kujua kama ana kiu, kwa punda kipimo hicho hudanganya. Tazama fizi kama ni kavu. Punda asiyekula, mafuta humjaa kwenye damu na kumuua kwa siku chache. Huzuni pekee yaweza kumfikisha huko, kwa hiyo punda wawili waliozoeana msiwatenganishe. Mmoja akilazwa, mleteni na mwenzake asimame karibu.

Mwenye punda naye asifanywe adui. Ukimnyang'anya punda bila kumwonyesha matandiko, watoto wake watalala njaa na kesho atanunua punda mwingine amvishe kamba ileile. Akae nawe chini, ashone mkanda mpya kwa mikono yake, aone pale palipokuwa panakata. Mpangieni siku za mapumziko pamoja, mkijua ana kodi ya kulipa.

Kidonda kikifunga, ngozi mpya bado ni nyembamba. Subirini hadi iwe ngumu na manyoya yaanze kurudi. Siku ya kwanza avute mkokoteni mtupu, nusu saa. Kisha vua matandiko yote na utazame jasho. Manyoya yakilowa sawasawa chini ya mto, mto umekaa vizuri. Ukiona kipande kikavu katikati ya jasho, hapo ngozi imebanwa. Rudisheni mto kwa fundi siku hiyohiyo, na punda apumzike hadi urekebishwe.