Muulize Mzee wa Projekta: Picha Tano kwa Siku Moja?

Barua nyingi za safari hii zinauliza habari ya kushinda sinema kutwa nzima. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu wenye swali hilo ni wengi. Nyingine nitazipitia kwa kasi.

*

*Mzee wa Projekta, shikamoo. Nimepata siku moja ya mapumziko, niko peke yangu, na simu ya kazini nitaizima. Nataka kuingia sinema saa nne asubuhi nitoke saa tano usiku. Nimeisoma ratiba na nimeona picha tano zinafuatana vizuri kabisa, zote ndani ya jengo moja. Dada yangu anasema nitaharibu macho na sitakumbuka hata picha moja. Ni kweli? Na nianze na ipi?*
*— Mwenye Siku Moja*

Marahaba, mwanangu. Dada yako amekosea kuhusu macho, ila kuhusu kukumbuka amepatia. Lakini tuanze na ratiba, maana huko ndiko utakakokwama kabla hata macho hayajachoka.

Saa nne asubuhi mpaka saa tano usiku ni saa 13. Chukua picha ya kawaida ya saa mbili. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi mara nyingi ni saa ya matangazo kuanza; yakiisha zinakuja trela, na robo saa au zaidi imeshakwenda stelingi hajaonekana. Tuseme basi kila picha inakula saa mbili na dakika 20. Zidisha kwa tano: saa 11 na dakika 40. Umebakiwa na saa moja na dakika 20 ya kugawa kwenye mapengo manne, yaani dakika 20 kila pengo. Humo ndani mna foleni ya choo, kula, na kuutafuta ukumbi unaofuata. Na hapo nimedhani hakuna hata moja inayofika saa mbili na nusu, jambo ambalo siku hizi ni kama kuomba mvua kiangazi.

Kwa hiyo mimi nasema tatu. Nne, ikiwa umezoea na mojawapo ni fupi. Tano waachie waandishi wa kwenye matamasha, ambao wanalipwa kwa kazi hiyo. Nami nimewaona. Kwenye chumba cha projekta unatazama ukumbi kupitia kidirisha kidogo, na unachokiona ni visogo tu. Kisogo cha mtu aliye kwenye picha ya kwanza kimesimama wima. Cha mtu wa picha ya tano kimelala begani. Bunduki ikilia kinashtuka, kinatazama huku na huku, kisha kinarudi pale pale begani.

Sasa mpangilio. Asubuhi, kichwa kikiwa kizima, weka ile inayodai kazi: ya lugha usiyoijua, yenye maandishi ya tafsiri chini, au ile ya polepole ambayo mtu anakaa dirishani dakika nne bila kusema neno. Ukiiweka usiku utasoma sentensi moja mara mbili na mhusika atakuwa ameshahama nyumba. Baada ya hapo inakuja saa ya hatari, kati ya saa nane na saa kumi alasiri. Mwili wa binadamu hulegea wakati huo hata kama hukula kitu. Ukiwa umeshiba ndio kabisa, na kiti ni laini na taa zimezimwa. Hapo weka picha ya kelele: magari, ngumi, vitu vinavyolipuka. Ukisinzia dakika kumi hutakuta wamefika mbali.

Ile uliyoitamani kuliko zote iwe ya mwisho, jioni, baada ya pengo refu. Najua wengi hufanya kinyume, wanaianza hiyo wakiogopa kuchoka. Tatizo ni kwamba picha nzuri sana ikitangulia, zinazofuata zinalipa deni lake. Utakaa kwenye ya pili ukiwa bado unaiwaza ya kwanza, na ya pili, maskini, haijakukosea chochote.

Pengo lenyewe nalipa uzito kuliko picha. Dakika 45 ni za chini kabisa, na kabla ya picha ya mwisho saa moja na nusu. Toka nje ya jengo. Tembea, miguu ifanye kazi, kwa sababu damu ya mtu aliyekaa saa tano haipandi vizuri kutoka kwenye mashavu ya miguu. Kunywa maji, yale uliyojinyima ukiogopa kwenda choo katikati ya picha. Na simu iache mfukoni.

Hapo kwenye simu ndipo tunapofika kwenye macho. Skrini ya sinema haina mwanga mkali hata kidogo: kipimo kilichowekwa kwa sinema za dijitali ni kandela 48 (kandela ni kizio cha kupimia mwanga) kwa kila mita ya mraba pale ambapo picha ni nyeupe kabisa. Simu ukiipandisha mwanga inapita mamia. Tena skrini ya sinema iko mbali, na misuli ya jicho hupumzika inapotazama mbali. Simu iko karibu na pua, na hapo misuli hujikaza. Kinachokuchoma sinemani ni kukodoa: jicho lililonogewa husahau kupepesa, linakauka, linawasha. Pepesa. Ukimaliza picha, tazama miti ya mbali au mwisho wa barabara. Mtu anayetoka ukumbini na kuinamia simu dakika 20 halafu akarudi ukumbini hajayapumzisha macho hata kidogo.

Jambo jingine dogo: ingia mapema. Mboni hutanuka ndani ya sekunde chache unapotoka kwenye mwanga, lakini jicho kulizoea giza sawasawa huchukua dakika 20 hadi 30. Ndiyo maana anayekuja kutoka juani huku picha imeanza anakanyaga miguu ya watu na kuomba radhi kwa mlingoti.

Kuhusu kukumbuka, beba daftari. Kabla ya picha ya pili andika mistari miwili mitatu juu ya ya kwanza: nani alitaka nini, na kitu kimoja ulichokiona kwa macho yako, koti, mlango, mkono unaotetemeka. Usiandike "nzuri sana". Bila hivyo, ukifika nyumbani utamsimulia dada yako jinsi stelingi wa asubuhi alivyopigana na adui wa jioni, naye atakucheka mwezi mzima.

*

*Mzee, heshima yako. Nikikata tiketi moja asubuhi, picha ikiisha nikapita koridoni nikaingia ukumbi wa pili, na wa tatu, kuna ubaya gani? Viti viko wazi na hakuna anayekagua.*
*— Mpita Katikati*

Ubaya upo, na si kwa mwenye jengo peke yake. Kila tiketi huhesabiwa kwa jina la picha, na fedha yake hugawanywa kati ya jumba la sinema na msambazaji wa picha hiyo. Wewe uliyekaa bure kwenye picha ya pili, kwenye hesabu ni kiti kitupu. Picha kubwa haitajali. Ile ndogo, ambayo huenda ndiyo uliyoipenda, itaonekana haina watu, na wiki inayofuata itapewa saa mbovu au itaondolewa. Umeiua kwa mkono wako huku ukiipigia makofi.

Ulichokitamani kiliwahi kuwepo kihalali. Huko Marekani, kwa miaka mingi kumbi nyingi ziliendesha picha mfululizo. Mtu alikata tiketi akaingia saa yoyote, hata katikati, akaangalia mpaka mwisho, akangoja ianze tena, na ilipofika pale alipoikutia akanyanyuka akaenda zake. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock alipotoa *Psycho* alitaka kumbi zisimruhusu mtu yeyote kuingia baada ya picha kuanza, kwa sababu mwigizaji mwenye jina kubwa anauawa mapema na aliyechelewa angekaa akimngoja mpaka taa ziwashwe. Sisi tuliokua tukiamini kwamba stelingi hafi, picha ile tuliiona kama dhuluma.

Uliza kaunta. Zipo kampuni za sinema zenye tiketi ya mwezi ambayo mwenye nayo anaingia picha nyingi. Isipokuwepo, kata tiketi za picha mbili halali kuliko nne za kunyatia. Utaangalia vizuri zaidi usipokuwa unasikiliza hatua za mlinzi.

*

*Mzee wa Projekta, kila nikiangalia picha mbili mfululizo natoka na kichwa kinagonga. Daktari ameniambia macho yangu hayana shida. Napenda safu za mbele, na picha za miwani ya 3D.*
*— Kichwa Kizito*

Umejijibu mwenyewe kwenye mstari wa mwisho.

Kwenye 3D macho yako yanaambiwa mambo mawili yanayopingana. Kitu kinaonekana kinaelea mbele ya pua, kwa hiyo macho yanageukiana kukifuata. Lakini mwanga wenyewe unatoka kwenye skrini iliyo mbali, kwa hiyo lenzi ya jicho inabidi ilenge kule. Saa mbili za ubishi huo zinatosha kabisa kumuumiza mtu kichwa. Moja kwa siku, basi, na isiwe ya kwanza.

Safu za mbele nazo zinakupinda shingo na kukufanya uugeuze uso kulia na kushoto kumtafuta anayezungumza. Sogea nyuma, kama theluthi mbili za ukumbi kutoka kwenye skrini, katikati ya safu. Tulipokuwa tunapima sauti, kipaza sauti cha kupimia tulikisimamisha maeneo hayo hayo, kwa hiyo unachosikia pale kinakaribia kile alichokusudia aliyeichanganya sauti. Kwa picha za mizinga beba vizibo vya masikio vya sponji. Mlio wa sinema unaweza kupita desibeli 100 kwa kitambo kifupi, na maneno bado utayasikia.

Kichwa kikiendelea kukugonga hata siku ambazo hujaenda sinema, rudi kwa daktari. Mimi ni fundi wa mashine.

*

*Habari za kazi, Mzee. Mume wangu anapenda hizi siku za picha tatu tatu na anataka twende wote. Mimi taa zikizimwa nalala. Ananuna.*
*— Mke wa Mshabiki*

Mwache aende peke yake zile mbili za mchana, mkutane kwa ile ya jioni ukiwa umeshalala kwako kwa raha. Na yeye ndiye atakayesinzia, utaona. Usimwamshe haraka.

*

*Mzee, je, nikiangalia picha moja ndefu sana badala ya picha tatu, inahesabika kama siku nzima ya sinema? Kuna sehemu wanaonyesha* Sátántangó *mwezi ujao.*
*— Kijana wa Safu ya Nyuma*

Inahesabika, tena kwangu ina heshima zaidi. Hiyo ya Béla Tarr, ya mwaka 1994, inapita saa saba. *Shoah* ya Claude Lanzmann, ya 1985, inapita saa tisa, na ile si ya kwenda kujiburudisha, ni watu wanaosimulia mauaji ya Wayahudi waliyoyaona.

Nikuambie tulivyokuwa tunazipima sisi wa chumba cha juu. Filamu ya milimita 35 inapita kwenye mashine vipicha 24 kwa sekunde, na hiyo ni kama mita 27 za mkanda kwa dakika. Picha ya saa mbili ni zaidi ya kilomita tatu za mkanda. Ya saa saba inapita kilomita 11, na yote ilipaswa kubebwa ngazini kwenye makopo. Gurudumu moja kubwa lilichukua kama mita 600, dakika 20 na kidogo, kwa hiyo palikuwa na mashine mbili zikipokezana. Kwenye kona ya juu kulia ya skrini kilitokea kidoa kwa kitambo kifupi mno: unawasha mota ya mashine ya pili. Sekunde saba hivi baadaye kidoa kingine: unahamisha. Ukifumba jicho wakati mbaya, ukumbi mzima unaona skrini nyeupe na kuanza kupiga miluzi. Kwa picha ya saa saba, fanya hivyo mara ishirini na kuendelea, bila mtu wa kukupokea.

Siku hizi picha yote iko kwenye faili, na anayeiendesha anaweza kuwa anakunywa chai ghorofa nyingine. Kazi imebaki kwako uliyekaa. Uliza kabla ya kukata tiketi kama kuna mapumziko, mangapi, na ya dakika ngapi kila moja. Waandaaji wengi huweka, lakini usibahatishe. Kata kiti cha pembeni mwa njia ili utoke bila kuwanyanyua watu wanane. Vaa nguo ya kukalia na ubebe sweta, maana kiyoyozi cha saa saba si sawa na cha saa mbili. Kisha siku hiyo usiweke picha nyingine yoyote baada yake, hata fupi, hata ya kuchekesha.