Usiwatume watoto wakahesabu vya nyumbani kwao

Mwalimu, simamisha hilo zoezi kabla hujagawa karatasi. Umesema watoto wako wa darasa la tatu watahesabu vyumba, watu, simu na runinga nyumbani, kisha kesho yake wachore grafu ya mihimili na kuibandika ukutani. Unauliza upange makundi vipi, utoe alama vipi, na kama vipindi viwili vitatosha. Makundi yasubiri. Zoezi hilohilo nimelifanya mimi, na lilinigharimu imani ya watoto.

Nililipata semina. Mwezeshaji alisimama akatuambia maisha ya mtoto yako nyumbani kwake, kwa hiyo tukitaka somo liguse maisha tuilete nyumba darasani. Tukaandika wote. Hakuna hata mara moja aliyotaja kwamba nyumba zinatofautiana na kwamba watoto wanajua hivyo kuliko sisi. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika, maana mtu anayefundisha walimu anapaswa kuwa amelifikiria hilo kabla ya kushika maiki.

Nilibandika grafu ikiwa na jina la mtoto chini ya kila mhimili. Mimi niliona hisabati: upi mrefu, tofauti ni ngapi. Wao waliona nani anacho na nani hana. Kabla ya mapumziko walikuwa wameshapangana. Mvulana anayelelewa na bibi yake akaulizwa mbele ya wote mbona kwao hakuna baba wala mama. Msichana mmoja alikuwa ameongeza vyumba kwenye karatasi yake, na jirani yake wa dawati, ambaye kwao anapafahamu, akamuumbua kwa sauti. Huyo aliyeumbuliwa ndiye aliyekuwa mwepesi wa kunyoosha mkono kuliko wote. Ulipita muda mrefu kabla hajaunyoosha tena. Mama yake alikuja shuleni, hakugomba, aliuliza tu idadi ya vyumba vyao ilikuwa ya kazi gani. Sikuwa na jibu, kwa sababu kitu chochote kinachohesabika kingefundisha grafu ileile.

Hata somo lenyewe liliharibika. Mtoto anayeona aibu hubuni namba, na si mmoja tu aliyebuni. Nilikuwa nafundisha takwimu kwa takwimu za uongo, halafu nawauliza grafu inatuambia nini kuhusu darasa letu!

Kwa hiyo shika hili: watoto wahesabu na kupima kile ambacho kila mmoja wao anacho akiwa hapo shuleni. Mwili wake, kivuli chake, uwanja mnaoukanyaga wote.

Anza na shibiri, yaani urefu kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa. Kila mtoto apime urefu wa dawati lilelile kwa shibiri yake, aandike jibu ubaoni. Mmoja atapata 7, mwingine 8, mwingine 9, na ubishi utaanza wenyewe: nani kakosea? Waache wabishane. Warudie kupima, wachunguzane kama kuna aliyeacha nafasi kati ya shibiri na shibiri. Kisha pima wewe kwa mkono wako, upate 6. Hapo watagundua kuwa mikono ndiyo inayotofautiana, na wataitaka rula kabla hujaitoa. Rula ikitoka, wote watakaribiana kwenye sentimita zilezile, na hutahitaji kueleza sana kwa nini watu walikubaliana kipimo kimoja.

Grafu ichoreni kutokana na majibu hayo. Chini weka 7, 8, 9. Urefu wa mhimili uwe idadi ya watoto waliopata jibu hilo. Angalia tofauti na grafu yangu: hapa hakuna mhimili wa mtu. Kila mmoja ni wa watoto kadhaa, na jina halina pa kukaa. Kama huna budi kuchora kitu kinachowagusa binafsi, chora hivyo.

Fimbo iliyosimikwa uwanjani na kivuli chake kuwekewa alama kila saa, hiyo pia nzuri. Takataka za uwanjani zikitengwa kwa aina na kuhesabiwa, nzuri zaidi, kwani mnaweza kuamua pipa lihamie wapi.

Na usidhani nakwambia uache maisha nje ya mlango. John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, alipofungua shule yake Chicago mwaka 1896, watoto walipika, walishona na kufanya useremala shuleni, pamoja. Mwaka 1938 aliandika kwamba si kila tajriba inaelimisha, nyingine hupotosha. Halafu kuna kazi ya mtafiti wa elimu Luis Moll na wenzake kule Tucson, Arizona, iliyochapishwa 1992, ambayo mwezeshaji wetu aliitaja na kuikata nusu. Kule walimu wenyewe ndio waliokwenda kwenye familia, kama watu wanaokwenda kujifunza, kutafuta ujuzi uliopo: kilimo, ujenzi, ufundi. Hawakumtuma mtoto arudi na orodha ya mali.

Kama karatasi zimeshatoka, zikusanye asubuhi kabla watoto hawajaanza kuonyeshana, usizisome mbele yao, waambie mnapima madawati leo. Atakayekuja na namba zake tayari amezipanga vizuri, msifu kwa kuzipanga na uzipokee kimyakimya.