Sanduku la tindo kumi na mbili

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Fundi, nimepata seti ya tindo kumi na mbili. Kuchonga herufi kwenye jiwe nianze na ipi?" Nikacheka, kisha nikanyamaza. Seti ya kumi na mbili naijua. Yangu ipo chini ya kitanda, na tisa kati yake hazijawahi kugusa jiwe.

Nilipoanza niliamini fundi ni vifaa. Nilinunua sanduku lile kabla sijajua tofauti ya marumaru na itale, nikaongeza na nyundo ya kilo mbili kwa sababu ilionekana ya kiume. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa jiwe la kaburi, marumaru nyeupe. Neno la juu kabisa: BABA. Herufi tatu zilitoka safi, kichwa kikavimba. A ya mwisho ndiyo iliyoniumbua. Ndani ya A hubaki kipembetatu kidogo, kimezungukwa na mifereji pande zote tatu, hakina pa kujishikiza ila chini. Tindo yangu ilikuwa butu nami sikujua, kwa kuwa ilikuwa mpya! Nikapiga kuelekea ndani. Kipembetatu kikaruka kizima, nikakisikia kikigonga ukuta.

Nilijaribu kukirudishia kwa gundi. Usiniulize. Mwenye kazi alipokuja hakugomba. Alipitisha kidole kwenye ile A, akauliza taratibu, "Ndivyo inavyotakiwa iwe?" Jiwe la pili nilinunua kwa hela yangu. Na fundi niliyemwomba msaada akawasimulia wenzake nikiwa nimesimama palepale. Miaka imepita, kile kicheko bado nakisikia.

Basi nisikilizeni. Tindo moja bapa ya milimita 10 hivi inatosha kabisa kwa herufi za sentimita tatu hadi tano. Kwa marumaru na jiwe la chokaa, tindo ya feleji, yaani chuma kigumu, ni tamu: inashika makali membamba na unainoa mwenyewe kwa kinoo cha mafuta. Jiwe la mchanga hula feleji kama tupa, na itale ndiyo usiseme. Huko tafuta yenye ncha ya kabidi ya tungsteni, ambayo ni ngumu kuliko feleji. Kabidi hudumu na makali yake, ila iangushe mara moja sakafuni uone kona inavyokatika. Na kinoo chake ni cha almasi, hicho cha kawaida utakisugua bure. Feleji nayo usiikandamize kwenye grinda hadi igeuke buluu, maana ugumu wake umeshatoka hapo.

Nyundo ya kichwa cha mviringo, gramu 700 au pungufu. Upande wowote wa kichwa ukigonga ni sawa tu, kwa hiyo huitazami. Macho yanabaki kwenye ncha ya tindo. Barakoa ya vumbi usiache, vumbi la itale na la jiwe la mchanga linaua mapafu.

Lakini kubwa ni kunoa. Kunoa! Weka makali juu ya ukucha: yakiteleza, rudi kwenye kinoo, yakishika, endelea. Mnanilalamikia kila siku kwamba hamna vifaa. Maandishi ya chini ya Nguzo ya Trajan, mnara wa kale wa mawe kule Roma, yalichongwa mwaka 113, hakuna kabidi wala grinda, na mpaka leo watu wanajifunzia herufi pale. Uvivu wa kunoa msiuite umaskini.

Wiki iliyopita nimemaliza jiwe lenye A kumi na tisa. Nimezihesabu. Vipembetatu vyote vipo, na tindo ni ileile moja, imenolewa hadi imekuwa fupi kuliko kiganja changu.

Kijana nimemjibu: toa ya milimita 10, inoe wiki nzima, nyingine ziache. Kanirudia saa hiyo hiyo: "Sasa hizi kumi na moja nizifanyeje, fundi?"

Hilo sijamjibu.