Dalali wa hisa wa bei rahisi? Mpigie simu kwanza

Wiki hii watu watatu wameniuliza dalali gani wa hisa anakata kidogo, na wote nimewarudishia swali, simu yake ushaipiga? Maana mie kosa hilo nishalifanya. Nilikuwa na dalali wangu wa zamani Dar, nikaona mwengine anajinadi kila kitu kwenye simu, kamisheni ndogo, nikahamia mbio mbio. Kwa hisa za laki tano wa zamani alikuwa ananikata 8,500, huyu mpya 6,000. Nikabakisha 2,500, bakuli la urojo hilo.

Basi ikaja ile Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini zilipokatika, mnakumbuka nyote, WhatsApp inazunguka tu. Na mie kesho yake nataka kuuza, fundi yuko Wete anangoja pesa za bati na masika ndo hayo yanamwagika. Apu haifunguki. Hapo simlaumu mtu, waya umekatika chini ya bahari nimlaumu nani. Ila nikapiga namba ya ofisi yao, inaita mpaka inajikata, napiga tena inajikata, mara ya sita nikaacha. Nikajitia uso mkavu nikampigia wa zamani, bado nilikuwa na hisa za saruji nilizonunua kwake. Kapokea! Akasema hata kwao mtandao unasuasua lakini oda anachukua kwa simu. Zikauzika Jumanne, na kwa vile malipo kwenye soko letu la hisa la Dar, DSE, ni siku tatu za kazi baada ya mauzo, Ijumaa pesa ninazo.

Yule wa rahisi nilikuja kuuza kwake baadae, siku tatu zikawa kumi na moja, kila nikiuliza najibiwa na mashine "ombi lako limepokelewa". Limepokelewa na nani?

Na msidhani ni sisi tu. Huko Marekani madalali wakubwa Charles Schwab walifuta kamisheni Oktoba 2019 na wenzao wakafata, sasa kununua hisa ni bure, ingawa bure yenyewe wapo wanaouza oda zako kwa makampuni makubwa na kulipwa huko. Robinhood, madalali wa apu ambao bure hiyo waliianza zamani, tarehe 2 Machi 2020 apu yao ikalala siku nzima na soko siku hiyo linapaa, watu wanatizama tu.

Kwa hiyo mie bei naitizama mwisho. Kwanza natia pesa kidogo, nanunua, nauza, halafu naitoa ile pesa na kuhesabu siku kwa kalenda (kuingiza pesa ni rahisi kwa kila mtu, wallahi, kazi iko kwenye kutoa). Naomba statimenti ya CDS, ile akaunti ya daftari kuu la hisa la soko, nione hisa zimeingia kwa jina langu, maana zikiwa CDS kwa jina lako dalali akikuchosha unahama nazo. Na simu napiga, tena si mchana ofisi imetulia, napiga saa nne na robo asubuhi soko likishafunguliwa na wao wameshughulika.