Ukitweta kwenye mlima, usilaumu mapafu

Wengi wanaoanza kukimbia hapa Nairobi hudhani wanatweta kwa sababu oksijeni imewaishia. Kwa kawaida kinachotusukuma kuvuta pumzi nyingine ni kaboni dioksidi. Misuli inapofanya kazi huitoa kwa wingi, nayo ikiingia kwenye damu huongeza asidi. Ndani ya shina la ubongo kuna vihisi vinavyotambua badiliko hilo upesi, na vingine vidogo viko shingoni, pale mishipa mikubwa ya damu inapogawanyika. Vikishtuka tu, kifua huanza kwenda mbio.

Sasa, wakimbiaji wa mbio ndefu kwa wastani hawashtuliwi sana na gesi hiyo. Ikipanda kiasi kilekile, pumzi zao haziongezeki sana kama za mtu asiyefanya mazoezi. Sehemu ya tofauti hiyo mtu huzaliwa nayo, kwa hiyo tafadhali usijipime kwa mwenzako. Kwangu mimi faida kubwa zaidi iko miguuni: misuli iliyozoea hutoa asidi ya laktiki kidogo kwa kasi ileile. Mwili unapopunguza makali ya asidi hiyo huzalisha kaboni dioksidi ya ziada, basi asidi ikipungua, kuhema nako kunapungua.

Hali hiyo hujengwa kwa kukimbia polepole na kwa muda mrefu. Tukiwa kwenye msitu wa Karura na wenzangu, tunapiga gumzo njia nzima hadi kwenye maporomoko ya maji. Mtu akianza kukata sentensi katikati ili avute hewa, sote tunapunguza mwendo, hata tukitembea kidogo kwenye mwinuko. Endelea hivyo wiki baada ya wiki. Mwinuko uleule utaupanda huku unaongea.

Ukiwa umetoka Mombasa juzi, jipe muda. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hapo uhaba wa oksijeni nao huchangia kukuhemesha.

Jambo moja naliomba kwa moyo wote, hasa kwa vijana wanaoogelea: msihemeheme kwa nguvu kabla ya kupiga mbizi. Mnaifukuza kaboni dioksidi ambayo ndiyo kengele yenu. Oksijeni itaisha kabla kengele haijalia, na mtu huzimia chini ya maji bila kuhisi hatari. Na anayebanwa kifua, au ambaye pumzi yake hutoa mlio kama mluzi akikimbia, amwone daktari kwanza, kabla ya kuongeza hata kilomita moja.